Je, wajua ni kwa nini tuta la lambo halishindwi na uzito wa maji yake?

Katika vijiji vya Uyui, Nzega na Igunga, mkoani Tabora, mfugaji anayekusudia kujenga lambo lake mwenyewe mara nyingi huanza na hesabu inayoonekana kuwa ya busara: kadiri maji yatakavyoenea mbugani, ndivyo yatakavyolisukuma tuta kwa nguvu zaidi. Hesabu hiyo si sahihi. Msukumo wa maji hutegemea kina chake pale yanapoligusa tuta, wala haujali kama nyuma yake yameenea hatua ishirini au kilomita mbili. Ukubwa wa eneo una maana katika jambo jingine, nalo ni wingi wa maji yatakayowashukia watu wa bondeni iwapo tuta litakatika.

Msukumo wenyewe ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Maji ya kina cha mita 4 hulisukuma tuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 8 hivi kwa kila mita moja ya urefu wake. Chukua basi tuta la kimo cha mita 5 na upana wa mita 3 juu, lililolazwa mita 3 kwa kila mita ya kimo upande wa maji na mita 2 upande wa nyuma: kipande chake cha mita moja hubeba udongo wa karibu tani 140. Zaidi ya hayo, kwa kuwa upande wa maji umelazwa, maji yanayoulalia huukandamiza chini, kwa hiyo anayedhaniwa kuwa adui husaidia kulishikilia tuta mahali pake.

Kinachoyaua matuta ni mwendo wa maji. Katika mabwawa makubwa ya udongo yaliyovunjika duniani, karibu nusu yalifurikwa juu na karibu nusu nyingine yaliliwa kutoka ndani, huku yaliyoteleza au kuporomoka kwa sababu nyingine yakiwa machache mno. Takwimu hizo, hata hivyo, ni za mabwawa makubwa. Malambo ya watu binafsi hufa bila kuandikwa popote, na uwiano wake huenda ukawa tofauti.

Kufurikwa hakuhitaji maelezo marefu. Maji yakipita juu ya tuta huchimba mgongo wake, na dawa yake ni utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, uliochimbwa pembeni katika ardhi isiyoguswa, mpana na ulio chini ya kilele cha tuta kwa mita moja hivi. Anayeuziba kwa viroba vya mchanga mwishoni mwa masika, ili abaki na maji mengi ya kiangazi, ameondoa kinga pekee aliyokuwa nayo.

Kuliwa kutoka ndani ndiko kwenye ajabu yake. Tuta la udongo huvuja daima, hata likijengwa na mhandisi hodari, na unyevu kwenye kitako chake si dalili ya kifo. Kinachotazamwa ni rangi. Maji maangavu yanayotoka kwa kiasi kilekile yanapita tu. Maji ya tope yanahama na tuta lenyewe. Fikiria gunia la mpunga lililosimamishwa na kutobolewa chini. Punje iliyo mlangoni hutoka kwanza, na kwa kutoka humwachia nafasi jirani yake wa nyuma, hata uwazi ukapanda ndani ya gunia ingawa tundu la nje bado ni dogo. Katika tuta vilevile, mmomonyoko huanzia upande mkavu, pale maji yanapotokea, kisha hurudi nyuma punje kwa punje kuyafuata maji ya lambo. Mfano huu una upungufu mmoja: mpunga huacha kumwagika unapoisha, ilhali maji, kila njia inapofupika, huongeza kasi. Bwawa la Teton, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, lilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 90 na lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 yalionekana maji ya tope, na kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika.

Hapo ndipo nia njema hugeuka hasara. Wengi hupanda miti juu ya tuta wakiamini kuwa mizizi italifunga. Mzizi hai hulegeza udongo ulioshindiliwa, na mzizi uliokufa huoza ukaacha mfereji tayari. Kwa tuta dogo, ukoka unaofyekwa unatosha. Mchwa, ambao Tabora haina upungufu wao, na fuko huchimba njia za namna hiyohiyo. Hata bomba la kupeleka maji kwenye birika la ng'ombe, likipitishwa ndani ya tuta, huyapa maji njia ya kulifuata kwa nje, kwa hiyo ni salama zaidi kuyavuta kwa pampu juu ya kilele.

Udongo nao una hila zake. Donge dogo likitiwa katika glasi ya maji yaliyotulia na kuzungukwa na wingu, udongo huo hutawanyika wenyewe na haufai, japo donge lisilotoa wingu bado halijathibitisha usalama.

Lambo binafsi si jambo la mwenye shamba peke yake. Huko Solai, Kenya, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba binafsi lilivunjika usiku na kuua zaidi ya watu 40. Sehemu kubwa ya Tabora imo katika Bonde la Ziwa Tanganyika, na bodi ya maji ya bonde ndiyo ya kuendewa kwa kibali kabla katapila halijafika.

Tope likionekana nyuma ya tuta, watu wa bondeni waondoke kwanza na maji yapunguzwe. Kuziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi huyafanya maji yatafute tokeo jingine. Wahandisi hufunika pale yanapotokea kwa tabaka la mchanga, kisha kokoto, kisha mawe ya kulikandamiza, ili maji yaendelee kutoka na udongo ubaki, kama gunia lililotoboka likizibwa kwa kipande cha chandarua.