Je, wajua kwa nini kipimo ulichokiweka kwenye ramani moja ya nyumba hujitokeza kwenye ramani nyingine?

Umechora ramani ya sakafu kwenye programu ya kusanifu nyumba, umeweka vipimo vya kuta, milango na madirisha, na mchoro unasomeka vizuri. Unafungua ramani ya umeme ili upange taa na swichi, unakuta vipimo vyote vimekufuata huko, vimelala juu ya alama za soketi. Unavifuta. Ukirudi kwenye ramani ya sakafu, navyo huko havipo tena. Wengi wakifika hapa huilaumu programu, ilhali imefanya kile kile ilichoagizwa.

Kisa ni kwamba ndani ya faili hakuna ramani mbili. Kuna nyumba moja. Ramani ya sakafu, ya msingi, ya umeme na ya paa ni namna tofauti za kuitazama nyumba hiyo hiyo, na kila mwonekano una orodha inayoamua kipi kionekane na kipi kifichwe. Ukifuta ukuta katika mwonekano mmoja, umeufuta kwenye nyumba. Kwa ukuta hilo ni jema, maana hatutaki ramani ya umeme iendelee kuonyesha mlango uliokwisha kuhamishwa. Shida iko kwenye kipimo. Kipimo si sehemu ya nyumba, wala hakuna fundi atakayekijenga. Ni maelezo anayopewa msomaji fulani wa mchoro kwa kazi fulani. Lakini katika programu nyingi huhifadhiwa pamoja na kuta na milango, hivyo hutendewa kama ukuta.

Hapo ndipo matabaka yanapoingia. Utaratibu huu uliitangulia kompyuta. Wachoraji wa majengo walikuwa wakitumia karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zilizotobolewa pembeni na kushikiliwa na pini ili zisisogee. Ya chini ilibeba kuta, na juu yake ikapandishwa ya umeme au ya mabomba kadiri mchoro ulivyohitajika. Programu kama AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, zilirithi mtindo huo: kila mstari una tabaka lake, na tabaka linaweza kuwashwa au kuzimwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani (AIA) ilichapisha mwongozo wa majina ya matabaka. Katika mtindo wake wa majina, tabaka la vipimo vya msanifu ni A-ANNO-DIMS, na la vipimo vya umeme ni E-ANNO-DIMS. Yaani hakuna tabaka moja la vipimo vyote. Kila kazi ina lake. Anayeshika hilo peke yake amekwisha kupunguza usumbufu mwingi.

Si suala la unadhifu tu. Chukua chumba ambacho kutoka tofali hadi tofali kina milimita 3600. Kila ukuta ukipigwa lipu ya milimita 15 kwa ndani, nafasi inayobaki ni milimita 3570. Mwashi anahitaji 3600, kwa sababu anapojenga lipu haipo. Anayepanga makabati anahitaji 3570, kwa sababu atakapofika lipu itakuwa imeshakauka. Vipimo vyote viwili ni sahihi. Lakini vikitokea pamoja kwenye karatasi moja bila maelezo, msomaji atachagua kimoja kwa kubahatisha, na kabati lililokatwa kwa 3600 halitaingia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vipimo vitengwe kwa kumfikiria atakayevisoma, hata kama michoro yote inatoka kwa mtu mmoja.

Kwa vitendo, unaunda tabaka kama “Vipimo Sakafu”, “Vipimo Msingi” na “Vipimo Umeme”, kisha kila mwonekano unaupa orodha inayowasha lake na kuzima mengine. Katika Chief Architect, programu ya kusanifu nyumba, orodha hiyo ni seti ya matabaka, na mwonekano unaweza kuhifadhiwa kwa jina ukakumbuka seti yake, ghorofa yake na mipangilio yake ya vipimo. Katika AutoCAD unaweza kugandisha tabaka, yaani kulificha, ndani ya fremu moja tu ya karatasi ya kuchapisha, nalo likabaki wazi katika fremu nyingine.

Mtego mkubwa upo kwenye mipangilio ya awali ya zana ya vipimo. Kuzima tabaka hakuizuii programu kuweka vitu vipya juu yake. Ukifungua ramani ya umeme huku zana ikiwa bado inaelekeza kwenye “Vipimo Sakafu”, kipimo kipya kitakwenda huko. Pengine hutakiona kabisa, utadhani umebofya vibaya na kukiweka mara ya pili. Siku ramani ya sakafu ikichapishwa, vinatokea viwili vimepandana. Kwa hiyo mwonekano haujakamilika mpaka orodha yake na mipangilio ya zana yake vielekee tabaka moja.

Skeli nayo ina neno. Maandishi yanayotakiwa kuwa na kimo cha milimita 2.5 kwenye karatasi huhitaji milimita 250 ndani ya mchoro wa 1:100, na 125 tu katika mchoro wa 1:50. Ukitumia vipimo vile vile kwenye karatasi mbili zenye skeli tofauti, na programu haijapangwa kurekebisha ukubwa yenyewe, upande mmoja maandishi yatakuwa makubwa kupita kiasi au yatakuwa madogo yasiyosomeka. Hii ni sababu nyingine ya kutenga vipimo vya ramani ya kina na vya ramani ya jumla.

Revit, programu nyingine ya kusanifu majengo, imeshika njia tofauti. Haina matabaka ya namna hii. Vitu vimepangwa kwa aina, na kipimo ni mali ya mwonekano kilimowekwa. Ukikiweka kwenye ramani ya sakafu, ramani ya umeme haikijui. Kero ya mwanzo inaondoka, inakuja nyingine: ukinakili mwonekano kwa njia ya kawaida, kuta zinakuja lakini vipimo vinabaki nyuma, mpaka uchague kunakili pamoja na maelezo yake. Kwa nyumba yenye michoro mingi, mimi naiona njia hii kuwa salama zaidi. Kwa nyumba ndogo, matabaka machache yaliyopewa majina ya wazi yanatosha.

Kipimo kikijitokeza pasipotakiwa, usikifute. Kibofye uangalie kiko tabaka gani, kisha kiko ghorofa gani. Programu nyingi huweza kuonyesha ghorofa ya chini kwa rangi hafifu kama kielelezo, na onyesho hilo nalo lina orodha yake ya matabaka. Kipimo unachokishangaa huenda ni cha ghorofa hiyo, hakina uhusiano wowote na ramani uliyoifungua.

Pia angalia kama tarakimu zake zimeandikwa kwa mkono. Kipimo kilichofungwa kwenye ukuta hubadilika ukuta ukisogezwa: sogeza mlango milimita 200, na namba za pande zake mbili zinajirekebisha, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Lakini mtu akishafuta namba na kuandika yake, kipimo kinaacha kufuata. Mlango utahama, ramani zote zitauonyesha mahali pake papya, na ile namba itabaki kama ilivyoandikwa katika kila mwonekano ambao tabaka lake limewashwa.