Video Ikipauka, Si Lazima Kamera Iwe Mbovu

Mafundi wengi wa video za harusi hapa Mwanza huamini kwamba picha ikitoka imepauka, kamera ni mbovu, na dawa yake ni kukoleza rangi hadi ikae sawa. Inaeleweka: jicho likiona ukungu, mkono hukimbilia kukoleza.

Mara nyingi kamera haina kosa. Imerekodi kwa logi, mfumo unaobana mwanga ili mawingu meupe juu ya ziwa na suti nyeusi ya bwana harusi visipotee. Faili hiyo haikukusudiwa kutazamwa ilivyo. Hugeuzwa kwanza kwenda Rec. 709, kanuni ya rangi za televisheni ya HD iliyotolewa 1990. Ukikoleza tu bila kugeuza, ngozi huelekea rangi ya chungwa (na bibi harusi hatakusamehe).

Jaribu mwenyewe. Rekodi Jiwe la Bismarck, mwamba maarufu wa ziwani hapa Mwanza, mara mbili kwa mwanga uleule: kwa logi, kisha kwa mfumo wa kawaida. Igeuze ya logi kwa luti (LUT, faili ya kugeuzia rangi) ya kamera hiyohiyo, uzilinganishe. Vivuli vikizama na rangi zikiwaka kupita kiasi, huenda programu ya kuhariri ilishageuza yenyewe, nawe ukarudia.