Kutia rangi seli na tishu: maana yake

Katika maabara, kutia rangi ni kupaka au kuloweka seli, au kipande chembamba cha tishu, kwa kemikali yenye rangi ili sehemu zake zitofautiane zinapotazamwa kwa hadubini. Bila hivyo, seli nyingi hupitisha mwanga karibu wote, na hata zikikuzwa mara 1,000 mipaka yake haionekani vyema.

Rangi haishiki ovyo. Kama hina, ambayo kila somo wa Mombasa anajua kuwa hukolea kiganjani kuliko mgongoni mwa mkono, hushika pale inapokuta kemia inayoiafiki. DNA iliyomo katika kiini cha seli ni asidi, kwa hivyo huvuta rangi zenye asili ya besi, ilhali protini nyingi zilizo nje ya kiini huvuta rangi za asidi kama eosini, ambayo huziacha na wekundu wa waridi.

Rangi ambayo wakazi wengi wa Pwani wamepimwa kwayo, pengine bila kuijua, ni Giemsa, iliyopewa jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa, aliyechapisha mbinu yake mwaka 1904. Anayeshukiwa kuwa na malaria hudungwa kidole, na damu yake huwekwa kwenye slaidi kwa namna mbili: nyingine hutandazwa ikawa utando mwembamba, nyingine huachwa nene. Utando mwembamba huimarishwa kwanza kwa methanoli (aina ya alkoholi), lakini ule mnene hauimarishwi, kwa makusudi, ili seli nyekundu zipasuke ndani ya maji ya rangi na vimelea vibaki wazi. Mnene hugundua vimelea hata vikiwa vichache. Mwembamba hutambulisha aina yake. Kimelea kichanga huonekana kama pete ya buluu yenye nukta nyekundu, mradi maji ya kuchanganyia yawe na pH (kipimo cha asidi na besi) ya karibu 7.2, jambo ambalo maji ya kisima hayawezi kulidhamini.

Wakati mwingine kinachopima ni ukaidi wa rangi kutoka. Katika mbinu ya daktari Mdenmaki Hans Christian Gram ya mwaka 1884, bakteria hutiwa rangi ya zambarau; wenye ukuta mnene hubaki nayo baada ya kuoshwa kwa alkoholi, na wengine huipoteza. Bakteria wa kifua kikuu, kwa ukuta wao wenye nta, wakishatiwa rangi nyekundu hubaki wekundu hata makohozi yakioshwa kwa asidi, ndipo mpimaji akaweza kuwatenga na bakteria wengi wengine.