Ada Imelipwa, Nauli Hana

Kazi yangu ni kusoma maombi ya ufadhili ya watu wanaotaka kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, hasa wale ambao wenzao ni wachache madarasani: wanawake, watoto wa familia zisizo na kitu, watu wa kwanza ukooni kufika chuo kikuu, watu wa rangi na jamii zilizosukumwa pembeni kwa vizazi. Wengi huniuliza ufadhili uko wapi. Mimi huwarudishia swali jingine: huo ufadhili unalipa nini, na pesa inaingia lini?

Waanzilishi wa kazi hii walilijua jambo hilo zamani. Mwaka 1966, Sterling Schoen, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, alianzisha muungano unaoitwa sasa The Consortium for Graduate Study in Management. Vyuo vilikuwa vitatu: hicho chake, Indiana na Wisconsin. Mwaka uliofuata waliingia wanafunzi 21, wote wanaume Wamarekani weusi. Baadaye milango ilifunguliwa kwa wanawake na kwa jamii nyingine. Ninachokipenda katika mpango ule ni kwamba hauishii kwenye ada. Mwombaji hujaza fomu moja inayokwenda katika vyuo hadi sita, na kabla ya masomo kuanza waliodahiliwa hukutanishwa na kampuni zinazoajiri. Mtoto wa meneja huwajua watu hao tangu mezani kwa baba yake. Mwingine asipokutanishwa nao, atakuja kuwajua wakati nafasi za mafunzo kazini zimeshajaa.

Fedha nyingine hupitia chuoni kwenyewe. Forté Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya wanawake, haina fomu yake ya kuombea ufadhili huo. Vyuo wanachama ndivyo vinavyochagua miongoni mwa wanawake waliodahiliwa. Kwa hiyo insha yako ya kuomba chuo ndiyo ombi lako la fedha, hata kama hakuna aliyekwambia. Nimeona wanawake hodari wakiacha kueleza waliyowafanyia wanawake wenzao kazini, wakidhani watapata fomu nyingine ya kuyasemea. Haiji.

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipozuia, Juni 2023, udahili unaompa mtu nafasi kwa sababu ya rangi yake, vyuo na wafadhili wengi huko wameandika upya masharti yao. Hukumu hiyohiyo inamruhusu mwombaji kueleza jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake. Basi eleza: ulikutana na nini, ukafanya nini, kimekujenga vipi. Kisanduku cha kuwekea alama ya rangi yako hakikusaidii tena kama zamani.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Kuna ufadhili unaotolewa kwa sifa na kuna unaotolewa kwa uhitaji. Harvard Business School hutoa wake kwa uhitaji, na mwaka 2022 ilitangaza kuwalipia ada yote wenye uhitaji mkubwa zaidi, yaani karibu asilimia 10 ya wanafunzi wake. Ni jambo jema sana. Lakini uhitaji hupimwa kwa fomu, na fomu nyingi huuliza mshahara, akiba na mali. Haziulizi mshahara ule ulilisha watu wangapi. Mtu aliyefanya kazi miaka mitano huku akiwasomesha wadogo zake na kumnunulia mama dawa huonekana kwenye karatasi kama aliyekuwa na kipato kizuri, na kamati hujiuliza mbona hakuweka akiba. Mwenzake mwenye mshahara uleule, aliyekuwa akikaa bure kwa wazazi, ana akiba lakini pia ana kwao pa kukimbilia. Nimekaa kwenye vikao ambapo wawili hawa walihesabiwa sawa, na sikulala vizuri.

Dawa yake ni barua fupi ya maelezo. Usingoje uombwe. Taja unaowatunza, kiasi unachotuma kila mwezi, na uambatishe taarifa za benki au za simu zinazoonyesha miamala. Usione haya; kwa kamati huo ni ushahidi, na kamati hutoa fedha kwa ushahidi.

Halafu kuna gharama ambazo ada haizigusi: mtihani wa GMAT wa kuombea MBA, viza, tiketi, pango la kwanza na dhamana ya nyumba, bima, kompyuta, safari za darasa ambazo kwa jina ni za hiari. Nyingi hudaiwa kabla posho ya kwanza haijaingia. Mikopo nayo inabana. Kwa sheria iliyosainiwa Marekani Julai 4, 2025, wanafunzi wapya hawatapata mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS kuanzia Julai 1, 2026, nao ndio uliokuwa ukiziba pengo hadi gharama yote ya masomo. Anayekwenda kwenye mkopo binafsi mara nyingi hudaiwa mdhamini mwenye kipato kizuri, na mtu wa kwanza ukooni kusoma atamtoa wapi?

Kwa hiyo barua ya udahili ikifika, kabla ya kusherehekea sana, iandikie ofisi ya fedha. Uliza posho inalipwa tarehe ngapi, kama ufadhili unaendelea mwaka wa pili na kwa masharti gani, na kama kuna mfuko wa dharura. Ukipata ufadhili mkubwa zaidi kwingine, ambatisha barua yake na uombe kwa adabu wakufikirie upya. Vyuo vingi vinavyofadhili kwa sifa huongeza. Na kama amana ya kushikilia nafasi imekushinda, omba wakusogezee tarehe au wakusamehe. Nimeona ikisogezwa mara nyingi, ila kwa walioandika kabla siku ya mwisho haijapita.