Reli ya Hannibal, Missouri: yanayosemwa na yaliyotokea

Kuna mji mdogo ukingoni mwa mto Mississippi unaitwa Hannibal, jimbo la Missouri, watu kama elfu 17 hivi, na ukifika pale utadhani tangu dunia iumbwe ameishi mtu mmoja tu, mwandishi Mark Twain. Hoteli Mark Twain, pango Mark Twain, boti ya watalii Mark Twain. Sasa ukitoka mtaa wa Main kwenda gatini kuipanda hiyo boti, kabla hujayafikia maji unakutana na reli, na lazima uivuke. Ukiwa na mkosi kengele inaanza kulia, unasimama pale aiskrimu inakuyeyukia mkononi, treni la mizigo linapita behewa baada ya behewa halimalizi, na mto unauona vipande vipande kwenye nafasi kati ya behewa na behewa. Watu wanasonya, wamekuja kuona mto bana, hili treni limetoka wapi tena. Kumbe treni ndo lenye mji, ila stori zake zimechanganywa sana, ngoja nizichambue zile ninazozisikia mara kwa mara.

"Hannibal ni mji wa meli, reli ilikuja baadaye kuuvuruga"

Hii ndo kubwa yao. Mwaka 1846, Sam Clemens (ndo jina alilopewa na wazazi huyo Mark Twain) akiwa mtoto wa miaka 10, wakubwa wa mji walikaa kikao kupanga watapataje reli ya kukata jimbo lote kutoka kwao mpaka St. Joseph, kule kwenye mto Missouri. Na kikao kilikalia wapi? Ofisini kwa baba yake Sam, mzee John Marshall Clemens. Yaani nyumba ileile inayouzwa kwa watalii kama chimbuko la hadithi za mto ndo ilikuwa na mzee anayeota reli. Februari 1847 jimbo likatoa kibali cha kampuni, Machi mwaka huohuo mzee akafa kwa nimonia, hana kitu, hajaona hata taruma moja.

Kazi ilianza 1851 ikaisha tarehe 13 Februari 1859, pale timu ya mashariki na timu ya magharibi zilipokutana karibu na Chillicothe. Maili 206, kama kilomita 331. Ilikuwa reli ya kwanza kulikata jimbo la Missouri toka upande mmoja mpaka mwingine, ile ya kutokea St. Louis, mji mkubwa kabisa, ilifika Kansas City mwaka 1865 huko. Kamji kadogo kaliwatangulia wakubwa kwa miaka sita.

Na cheki hii tarehe nyingine: leseni ya urubani Sam aliipata tarehe 9 Aprili 1859, chini ya miezi miwili baada ya reli kukamilika (rubani kwa maana yetu ya zamani, anayeijua njia ya maji, sio wa ndege). Hata jina la Mark Twain lenyewe ni lugha ya mabaharia wa pale, alama ya pima mbili, futi 12, kina ambacho meli inapita bila wasiwasi. Kwa hiyo yale maisha ya mtoni anayosifika nayo kama rubani kamili yote yalikuwa ndani ya zama za reli, sio kabla.

"Treni ilipofika tu, meli zikafa"

Hapana, mwanzoni walikuwa wanategemeana kama mke na mume. Fikiria, Hannibal haikuwa na daraja la kuvuka Mississippi mpaka mwaka 1871. Vyuma vya reli, injini, kila kitu kizito kilipaswa kuja kwa maji kwa sababu hakuna njia nyingine ya kukileta. Abiria wa mashariki anavushwa kwa boti, anapanda treni, akishushwa St. Joseph akitaka kuendelea anatafuta meli nyingine ya mto Missouri. Reli ilikuwa kiungo kati ya mito miwili. Kilichosimamisha meli ghafla mwaka 1861 ni vita ya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini ya Marekani, ndo iliyomuondoa hata Sam kwenye usukani.

Halafu angalia vituko. Julai 1861 Sam na kaka yake Orion wanaenda magharibi, wanatakiwa wafike St. Joseph wapande gari la farasi. St. Joseph! Mji uleule ambao reli ya ndoto ya baba yao inaishia. Na wao wakapanda nini? Meli, kutoka St. Louis, siku sita nzima, wakikwama kwenye mchanga na visiki. Treni siku hiyohiyo ilikuwa inaimaliza Missouri yote kwa masaa tu.

Ila tusimcheke sana, mwezi huo reli ilikuwa balaa, wapiganaji waliokuwa upande wa Kusini walikuwa wanachoma madaraja. Jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, likapeleka kikosi kulinda mafundi na njia, na kanali wa kikosi hicho alikuwa jamaa asiye na jina bado, Ulysses Grant. Ndio, huyohuyo aliyekuja kuwa jemadari mkuu na rais. Moja ya kazi zake za kwanza za vita ilikuwa ulinzi wa reli ya Hannibal, na alipotumwa kumfuata adui karibu na kijiji cha Florida, alikozaliwa Sam, alikuta kambi tupu, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba njiani moyo ulikuwa mdomoni.

Na wanaosema vita ilipiganwa mashariki tu, huku Missouri ilikuwa fujo fujo za wahuni, wakumbuke usiku wa tarehe 3 Septemba 1861. Nguzo za daraja la mto Platte, karibu na St. Joseph, zilichomwa nusunusu zikaachwa zimesimama, kwa mbali unaona daraja zima. Treni ya abiria ikaingia, ikatumbukia. Walikufa watu kati ya 17 na 20, na majeruhi karibu mia. Raia, wanawake na watoto humo.

"Pony Express ilibeba barua kwa farasi toka pwani mpaka pwani"

Hii nayo imekaa vichwani kwa sababu ya picha za vijana wanakimbiza farasi. Farasi walianzia St. Joseph kwenda Sacramento, California, maili 1,900 hivi. Kutoka New York mpaka St. Joseph barua ilisafiri kwa treni, na kipande cha mwisho ndo hiki cha Hannibal. Siku ya kwanza kabisa, tarehe 3 Aprili 1860, mjumbe aliyebeba mzigo alikosa treni ya kuunganisha huko Detroit akachelewa masaa mawili na zaidi. Farasi anasubiri St. Joseph, watu wamejaa, hotuba zimeshaandaliwa. Kampuni ya reli ikaona hapa ndo pa kujionyesha, wakasafisha njia yote, treni nyingine pembeni, wakaweka injini inaitwa Missouri na behewa moja tu, dereva Addison Clark akaambiwa nenda.

Akaenda kweli. Inasimuliwa kwamba kituo cha Macon, pa kupakia kuni (injini za enzi hizo zilikula kuni, sio makaa), walikuwa wamejenga jukwaa lenye kimo sawa na tenda (kigari cha kuni nyuma ya injini), wakapanga kuni juu na watu wamesimama tayari, injini iliposimama wakazimwaga zote kwa mkupuo, sekunde 15, ikaondoka. Kutoka Macon kuna mteremko wa kushuka mto Chariton na huyu bwana hakupunguza. Alitumia masaa 4 na dakika 51 kwa maili 206, wastani wa kilomita 68 kwa saa. Leo utasema hata daladala inafika huko, lakini hiyo ni reli iliyojengwa harakaharaka, ina mwaka mmoja tu, na rekodi yake inasemekana ilikaa karibu miaka 50. Wanaokumbukwa ni farasi. Na hao farasi walidumu miezi 18 tu, Oktoba 1861 waya wa telegrafu ukaunganishwa mpaka California, biashara ikafa.

Tukiwa kwenye mambo ya posta: wengine wanadai kuchambua barua ndani ya treni inayotembea kulianzia kwenye reli hii, dunia nzima. Sio dunia nzima, Waingereza walikuwa nayo tangu 1838. Kwa Marekani ni kweli hapa ndo walijaribu mapema, Julai 1862, kwa wazo la William Davis wa posta ya St. Joseph, maana barua zilikuwa zinafika hazijapangwa na gari la farasi la magharibi haliwezi kuondoka mpaka zichambuliwe. Huduma rasmi ya serikali ikaja Agosti 1864, njia ya Chicago mpaka Clinton, Iowa.

"Si ndo huko kulikuwa na reli ya chini kwa chini ya watumwa?"

Hapa watu wanajichanganya mpaka basi, wengine wanauliza handaki liko wapi. Hiyo "reli ya chini kwa chini" haikuwa na chuma wala injini. Ulikuwa mtandao wa siri wa watu, nyumba na njia za kuwatorosha watumwa waende majimbo huru na Kanada, na lugha ya reli waliitumia kama fumbo: kondakta, stesheni, abiria. Eneo hili lilihusika kwa sababu Missouri ilikuwa jimbo la utumwa na ng'ambo ya mto ni Illinois, jimbo huru. Mwaka 1841 wanaume watatu kutoka Quincy, Illinois, wanaitwa Burr, Thompson na Work, walivuka kuja upande wa Missouri kusaidia watumwa kutoroka, wakakamatwa, wakashtakiwa Palmyra, wakahukumiwa kifungo cha miaka 12 kila mmoja. Kwenye baraza la wazee wa mahakama waliowatia hatiani alikuwemo nani? Mzee John Marshall Clemens. Tena huyohuyo. Reli ya chuma aliitaka, hii nyingine aliifunga jela. Mtoto wake alikuja kuwa maarufu kwa kuandika habari za kijana mzungu na mtumwa mtoro juu ya chelezo, kwa hiyo ukoo huu una mambo.

"Daraja la Hannibal liko Hannibal"

Utalitafuta sana. Daraja maarufu lililoitwa Hannibal lilijengwa Kansas City, karibu kilomita 300 kutoka hapa, tena juu ya mto Missouri sio Mississippi. Lilipewa jina la kampuni ya reli iliyohusika nalo, Hannibal na St. Joseph, na lilifunguliwa tarehe 3 Julai 1869, mhandisi akiwa Octave Chanute, ambaye uzeeni aliwashauri akina Wright wa ndege. Lilikuwa daraja la kwanza la kudumu kuvuka mto Missouri. Kampuni ilitoa tawi toka Cameron kwenda kule, na mali ya magharibi, ng'ombe, nafaka, ikaanza kupitia Kansas City. St. Joseph, mji uliokuwa mwisho wa reli na mwanzo wa kila safari, ukaachwa pembeni.

Hannibal yenyewe nayo ilishapigwa chenga mwaka mmoja kabla, daraja la Quincy lilipofunguliwa 1868, treni za Chicago zikawa zinaingia Missouri bila kukanyaga mjini kwake. Daraja lake la 1871 likaja wenzake wameshawahi. Jina lilisafiri, pesa zikabaki njiani. (Na jina lenyewe, kama ulikuwa unajiuliza, ni la yule jemadari wa Carthage, Tunisia ya leo, kwa hiyo kamji ka Missouri kana jina la Mwafrika wa kaskazini.)

"Matajiri walijenga kwa pesa zao"

Matajiri wa Boston akina John Murray Forbes walikuwemo, sawa. Lakini jimbo lilitoa bondi za dola milioni 3, na mwaka 1852 serikali kuu iligawa ardhi ekari laki 6 hivi kandokando ya njia, kampuni ikaziuza kwa walowezi. Ardhi ambayo sehemu yake kubwa Waioway, Wasauk na Wafox, makabila ya wenyeji wa asili, walikuwa wameitoa kwa mikataba ya 1824, na mikataba ya enzi hizo tunaijua ilivyokuwa.

"Siku hizi reli imekufa Hannibal"

Ya abiria ndio, ukitaka treni ya watu nenda Quincy, maili 20 hivi, ukapande treni ya Amtrak ya kwenda Chicago. Kampuni ya mwanzo nayo ilishanunuliwa na kampuni ya reli ya Burlington mwaka 1883. Ila mizigo? Kampuni za reli za BNSF na Norfolk Southern zote zinapita pale mpaka leo, na daraja la Hannibal, lile la kweli lililoko Hannibal, linafanya kazi, ingawa sehemu yake ya kupisha meli, iliyokuwa inazunguka, imebadilishwa ikawa ya kupanda juu. Mashua za kusukuma matishari ya nafaka zikija, chuma kinanyanyuliwa, treni inangoja. Zikishapita kinashushwa, na kule mtaani kengele inaanza tena kulia.