Mchezo wa ubao wa kujitengenezea: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kwanza tununue manila na rangi." Vikundi vingi vya hapa Kisumu vikitaka kubuni mchezo wa ubao huanzia hapo, na hapo ndipo kazi huharibika. Mkishachora Ghuba nzima ya Winam ya Ziwa Victoria, kutoka Dunga hadi Mbita, mkaipaka rangi, hakuna atakayekubali kisiwa cha Rusinga kifutwe hata kama mchezo wenyewe unachosha. Chukueni katoni kuukuu, penseli na vifuniko vya soda, vile vile watu wanavyochezea drafti, mcheze siku hiyo hiyo. Ubao wa kupendeza uje mwisho.

Husemwa pia kwamba michezo ya ubao ni mambo ya kizungu. Waluo wamecheza ajua, mchezo wa mashimo na kete, tangu zamani, na bao la Waswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo mgumu kweli kweli. Hata Monopoly, mchezo wa ubao wa kununua mitaa na nyumba, ilipitia mikononi mwa watu wa kawaida. Mwaka 1904 Elizabeth Magie wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya mchezo uliozaa Monopoly. Kwa miaka mingi baadaye watu walijichorea mbao nyumbani na kuweka majina ya mitaa ya miji yao, hadi kampuni ya Parker Brothers ilipoanza kuuza Monopoly mwaka 1935. Kwa hiyo mkiandika Kondele, Kibuye na Nyalenda kwenye ubao wenu, mnafanya kitu cha heshima kabisa.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba dadu mbili hugawa bahati sawa kwa kila jumla. Si kweli. Zina njia 36 za kuanguka. Saba hupatikana kwa njia 6. Mbili kwa njia 1 tu, na kumi na mbili vivyo hivyo. Tuseme mchezo wenu ni wa uvuvi: omena hunaswa kwa 7, mbuta kwa 12. Hapo mmeshaamua, mtake msitake, kwamba kwa kila mbuta mmoja mtarajie omena mara sita. Basi anayemvizia mbuta alipwe vizuri, la sivyo hakuna atakayehangaika naye. Na magugu maji je? Yakifunga ufuo kila inapotoka 7, wavuvi watakwama jioni nzima. Yapeni 3 au 11, zenye njia 2 kila moja, kisha mcheze tena muone.

Wengine hudhani kazi ya kikundi ni kuingiza wazo la kila mtu. Hapana. Mmoja ashike daftari la kanuni, na kanuni ambayo ikiondolewa hakuna anayeikumbuka isirudi.

Tena msijidanganye kwamba kanuni zinaeleweka kwa kuwa nyinyi mnazielewa. Nyinyi mmezizungumza wiki nzima. Mpeni karatasi jirani ambaye hakuwepo, mketi kando, msimsaidie. Ni vigumu, mdomo utawawasha, lakini nyamazeni. Andikeni kila anapokwama: zamu ni ya nani, samaki akinaswa hulipwa lini, mitumbwi miwili yaweza kukaa nafasi moja? Wakiuliza wawili swali lile lile, sentensi hiyo iandikwe upya, kisha mtafute mtu mwingine ambaye hajawahi kuusikia mchezo huo.