Muhtasari wa kununua haumjui mteja wako

Wapo mawakili wanaoamini kwamba ukishalipa watu wa nje wakutumie muhtasari wa habari mpya za sheria kila asubuhi, suala la maarifa ofisini limekwisha. Mkutubi wa ofisi wa nini tena?

Hapo umenunua macho tu. Chukua Sheria ya Fedha ya 2023 ya Kenya, iliyobadilisha kodi mbalimbali. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha. Agosti, Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba 29 ikautengua ubatilishaji; sheria ikabaki hai. Huduma ya nje iliyo makini itakuletea hayo yote siku ileile.

Isichokijua ni kwamba mwanzoni mwa Agosti ulimwandikia mwenye kiwanda barua ya ushauri wa kodi ukiegemea hukumu ya Rufaa. Barua imo kwenye jalada lako, na huenda aliyeiandika keshahama ofisi. Nani atamkumbuka mteja yule na kumpigia simu?

Wala huwezi kuwamwagia watu wa nje orodha ya wateja na mambo yao ili wakuchujie; siri ya mteja inakufunga.

Kwa hiyo lipia muhtasari, si vibaya, unaokoa saa nyingi za kuperuzi Gazeti Rasmi. Ila mkutubi wa ndani, anayeyajua majalada, lazima akae na muhtasari huo kila asubuhi, kalamu mkononi, akiandika pembeni: hii inamgusa nani?